Muda Hauungi Peptidi

Nimechoka na hadithi ya bahari yenye subira. Wengi wetu tumesimuliwa: hapo kale palikuwa na bahari iliyojaa amino asidi, mamilioni ya miaka yakapita, zikashikana, uhai ukaanza. Ukiuliza zilishikanaje, unajibiwa: muda. Kwa kemia, jibu hilo limepinduka miguu juu.

Amino asidi mbili zikiungana kuwa peptidi, hutoa molekuli moja ya maji. Zikiwa zimezama majini, mizani hulalia upande wa pili: maji hukiingia kifungo na kukikata. Kwenye maji ya nyuzijoto 25, nusu ya vifungo hivyo hukatika ndani ya mamia ya miaka. Kwetu ni mingi. Kwa dunia yenye umri wa miaka bilioni 4.5 ni kufumba na kufumbua. Ukiongeza muda, unayaongezea maji nafasi ya kubomoa.

Mwaka 1953 Stanley Miller alipitisha cheche za umeme kwenye mvuke na gesi, akapata amino asidi. Alipata shanga, mkufu hakuupata. Vitabu vingi huruka hapo hapo.

Kinachounga ni msukumo wa kikemia. Dimbwi la ufukweni likikauka kwa jua kali, maji huondoka na vifungo hupata nafasi. Mwaka 2004 Luke Leman, Leslie Orgel na Reza Ghadiri walionyesha kuwa karbonili salfaidi, gesi itokayo kwenye volkano, huunga amino asidi humo humo majini kwa dakika au saa. Mwaka 2019 kundi la Matthew Powner huko London lilianza na aminonitraili, jamaa wa amino asidi, nazo zikaungana majini.

Hakuna aliyethibitisha ni njia ipi iliyotumika. Lakini kijana wa kidato cha sita anayejua kemia yake akigundua kuwa "muda" haufanyi kazi, atadhani sayansi nzima imemdanganya. Hapo atampokea kwa mikono miwili yule anayedai kuwa, kwa kuwa maji huvunja, jambo lenyewe haliwezekani. Naye huyo anakosea vile vile: anahesabu maji na miaka, anasahau volkano na jua.

Basi mwalimu akiulizwa zilishikanaje, aitaje gesi, alitaje dimbwi linalokauka, kisha aseme wazi kwamba utafiti unaendelea. Hadithi ya subira tuiache.