Geuza Jani Kwanza, Dawa Baadaye

Wasee, leo mtanikasirikia lakini lazima niseme: wengi wetu hatutibu mimea, tunakisia tu.

Nyanya za mamangu hapa Isiolo zilitoka madoa. Mimi, mtu wa simu, nikapiga picha moja ya mbali nikaiposti. Komenti zikajaa: "Hiyo ni ukungu." "Ni hili jua letu." "Mwaga majivu." Nikachukua jibu lenye laiki nyingi, nikanunua dawa ya ukungu na pesa mama alipata kwa kuuza sukuma. Tukapiga mara mbili. Madoa yakazidi.

Siku moja mama, ambaye hana akaunti popote, akachuma jani akaliinua juani. "Kuja uone." Ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, kiwavi mdogo alikuwa anakula, na vinyesi vyeusi nyuma yake. Ni Tuta absoluta, nondo wa Amerika Kusini aliyeripotiwa Kenya mwaka wa 2014. Dawa ya ukungu haimuui!

Kumbe kuangalia si ngumu. Doa linapitisha mwanga na lina vinyesi ndani? Huyo ni kiwavi. Doa la kahawia lenye duara ndani ya duara, likianzia majani ya chini yaliyozeeka? Huo ndio ukungu. Majani ya juu yamejikunja na kuwa manjano, na ukitikisa mmea inzi weupe wanaruka? Inaweza kuwa virusi, na mmea ukishavipata hakuna dawa ya kuviponya. Ng'oa, usiambukize mingine.

Mtasema ni nyanya tu. Sawa, lakini hiyo sumu ya kukisia ndiyo inaingia kwa kachumbari yako, hasa ukivuna kabla ya siku zilizoandikwa kwa chupa. Na iliyopotea ni pesa ya mtu anayeamka saa kumi na moja asubuhi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mama aliniamini. Niliacha chuo, lakini kwake bado mimi ndiye msomi wa nyumba. Wazazi wetu wanatuuliza kwa sababu tuko na simu, na sisi tunajibu ndiyo tusionekane hatujui.

Kwa hivyo ukitaka msaada, piga picha tatu: jani juu, jani chini, mmea mzima. Onyesha afisa wa kilimo kabla ya kununua chochote. Na ukiona picha ya mwenzako na hujui, andika "sijui". Mimi nimeanza.