Simu za bei yetu zisibebe mzigo wa mabwanyenye

Ukinunua simu ya 5G pale Luthuli Avenue, kuna watu ushawalipa na hata huwajui. Sisemi muuzaji, wala KRA. Nasema wenye hataza, yaani kampuni zilizovumbua namna simu inavyoongea na mnara wa mtandao. Kila mtengenezaji anayetumia uvumbuzi huo hulipa mrabaha, kisha anauingiza kwenye bei. Wewe ndiye unaulipa.

Kulipa si noma. Noma ni hesabu yenyewe.

Ericsson ilitangaza mwaka 2017 kwamba itatoza dola 5 kwa kila simu ya 5G, na kushuka hadi 2.50 kwa zile za bei ya chini. Inakaa poa, sivyo? Ngoja. Kwa simu ya dola 100, hiyo 2.50 ni asilimia 2.5. Kwa simu ya dola 1,000, ile 5 ni nusu asilimia tu.

Qualcomm nayo ilichagua asilimia: 3.25 ya bei ambayo mtengenezaji anauzia simu. Apple, ambayo ilienda kortini 2017, haikutaka kusikia hayo. Mbona ilipe zaidi kwa sababu ya skrini na memori ambazo Qualcomm haikuvumbua? Ni kama makanga akutoze nauli kwa kuangalia bei ya viatu vyako. Walielewana Aprili 2019, kesi ikaisha.

Mimi hoja hiyo ya viatu hainiingii. Matatu haiongezei viatu vyako thamani. Mtandao unaiongezea kamera. Picha kali ambayo huwezi kuituma utamwonyesha nani, paka? Kwa hivyo asilimia ni haki.

Lakini Qualcomm iliweka kikomo: simu ikizidi dola 400, inahesabiwa kama ya 400. Mrabaha unakwama kwa dola 13. Ile ya 1,000 inalipa asilimia 1.3, yetu ya 100 inalipa 3.25 nzima! Na hivyo ni viwango vya kutangazwa. Kampuni kubwa hujadiliana faraghani, zikiwa na hataza zao za kubadilishana. Mtengenezaji mdogo wa simu za bei yetu anaingia pale mikono mitupu.

Kama ni asilimia, ipande hadi juu bila kikomo. Na ikiwa lazima kuwe na kikomo, basi kiwepo na huku chini: simu isiyofika dola 100 isitozwe kitu.