"Ni Uzee Tu": Kauli Inayowaua Wazee Wetu

Hapa Uganda kuna jibu moja linalomaliza kila mazungumzo kuhusu afya ya mtu mzima. Bibi amekonda na chakula hakimpendezi: ni uzee. Babu anatembea akishika ukuta: ni uzee. Mama mkwe ameanguka mara mbili mwezi huu: ni uzee tu, tutafanyaje? Katika insha hii naipinga kauli hiyo waziwazi. Nashikilia kwamba haina ukweli wa kitaalamu, kwamba haiwaheshimu wazee ingawa husemwa kwa upole, na kwamba imekuwa kisingizio cha familia, cha vituo vya afya na cha serikali.

Nianze na maana, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha. Uzee ni hesabu ya miaka. Udhaifu ninaouzungumzia ni hali ya mwili uliomaliza akiba yake, kiasi kwamba jambo dogo kama mafua au kuhara kwa siku mbili humlaza mtu asiinuke tena. Mwaka 2001, daktari Linda Fried wa Marekani na wenzake waliieleza hali hii kwa dalili 5: kupungua uzito bila kukusudia, kuchoka kila mara, kulegea kwa mshiko wa mkono, kutembea polepole, na kupungua kwa shughuli za mwili. Mwenye dalili 3 au zaidi alihesabiwa kuwa dhaifu, na mwenye 1 au 2 alihesabiwa kuwa yuko njiani kuelekea huko.

Watafiti hao walichunguza watu zaidi ya 5,000 wenye miaka 65 na kuendelea. Baada ya miaka 7, katika kila watu 100 waliokuwa dhaifu mwanzoni, 43 walikuwa wamefariki. Miongoni mwa wasiokuwa na dalili hata moja, waliofariki walikuwa 12 katika kila 100. Hata umri na maradhi mengine yalipozingatiwa katika hesabu, udhaifu uliendelea kuonyesha nani ataanguka, nani atalazwa, nani atashindwa kujihudumia na nani atakufa mapema. Lakini takwimu inayonigusa zaidi katika utafiti huo ni nyingine: waliokuwa dhaifu walikuwa takriban 7 tu katika kila wazee 100. Kama udhaifu ndio uzee wenyewe, wale 93 waliuepukaje?

Tena kifo si hasara pekee. Kabla ya kifo kuna miaka ambayo mtu anasubiri mjukuu atoke shule ili ampeleke chooni. Kuna miaka ya kuacha kwenda kanisani au msikitini kwa kuogopa kuanguka njiani. Mtu aliyeongoza ukoo hawezi tena kuamua aoge saa ngapi. Hayo nayo tunayaita uzee, kisha tunarudi kwenye shughuli zetu.

Wapo watakaosema kwamba hata tukiyajua haya hakuna dawa. Si kweli. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Boston kwa wazee 100 dhaifu wanaoishi katika makao ya wazee, wastani wa umri wao ukiwa miaka 87. Waliofanya mazoezi ya kunyanyua uzito kwa wiki 10 waliongeza nguvu za misuli yao zaidi ya mara mbili. Mwaka 2014 utafiti mkubwa zaidi, wa watu 1,635 wenye miaka 70 hadi 89, ulionyesha kwamba mpango wa kutembea na mazoezi ulipunguza hatari ya kupoteza uwezo wa kutembea. Hakuna aliyerudishiwa ujana. Walichorudishiwa ni uwezo wa kuinuka kitini, na kwa mzee huo ni uhuru.

Sasa tutazame tunavyoishi. Kijijini bibi amezidiwa na kazi: analima, anachota maji, analea wajukuu, baadhi yao yatima walioachwa na UKIMWI, naye hula wa mwisho. Mjini hali ni kinyume. Tunamwita jjajja, tunampigia magoti kumsalimu, kisha tunamnyang'anya ufagio na kumwambia, "Kaa tu, pumzika." Tunampikia matoke laini au uji kwa sababu meno yameisha, maharage na mayai tunawapa watoto. Wataalamu wa lishe wanapendekeza mzee apate walau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kila siku. Sahani ya matoke peke yake haifiki hapo hata kidogo. Misuli isiyotumika na isiyolishwa hunyauka. Heshima ya aina hiyo, hata iwe ya dhati namna gani, inamdhoofisha tunayemheshimu.

Katika vituo vya afya kauli hii ni hatari zaidi, maana husemwa na mtu aliyevaa koti jeupe. Nilimsindikiza jjajja wangu kwenye kituo kimoja, gauni lake likimpwaya kwa jinsi alivyokonda. Hakupimwa uzito. Hakuulizwa anakula nini wala kama analala. Tulipewa vidonge vya maumivu na maelezo ya maneno mawili: "Ni uzee." Lakini mzee anayekonda anaweza kuwa na kifua kikuu, UKIMWI, upungufu wa damu, sonona, au meno tu yanayomzuia kutafuna. Anayeanguka anaweza kuwa na mtoto wa jicho. Yote haya yana tiba au nafuu, mradi mtu ayatafute. Nchini kwetu mtoto mdogo hupimwa mkono kwa utepe wenye rangi ili kugundua utapiamlo, na wahudumu wa afya wa vijiji wamefundishwa kuutumia. Kwa nini bibi yake, aliyeketi mkeka mmoja naye, asipimwe chochote?

Serikali nayo ina lake. Mpango wa ruzuku ya wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, ulipoanza kwa majaribio uliwalenga wenye miaka 65, na Karamoja miaka 60. Ulipopelekwa nchi nzima katika mwaka wa fedha 2020/2021, waandikishwaji wapya walitakiwa wawe wametimiza miaka 80. Kwa kuiwekea Karamoja miaka 60 wakati wa majaribio, serikali yenyewe ilikiri kwamba maisha magumu huudhoofisha mwili mapema. Je, mjane wa miaka 70 anayelima kwa jembe Kamuli au Kisoro, maisha yake ni mepesi? Kumwambia asubiri miaka 10 ni kumwomba avuke mto ambao wenzake wengi huzama katikati.

Najua hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Umri unathibitishwa kwa kitambulisho, ilhali udhaifu unaweza kuigizwa au kununuliwa kwa hongo. Nakubali. Kwa hiyo siombi fedha zigawiwe kwa kumtazama mtu anavyotembea. Fedha zigawiwe kwa umri, lakini umri huo ushuke. Huduma ya afya ndiyo igawiwe kwa kipimo, kwa kuwa hakuna anayetoa hongo ili ahimizwe kufanya mazoezi. Wala kipimo hakihitaji mashine: pima mita 4 sakafuni, mwambie mzee atembee mwendo wake wa kawaida, hesabu sekunde. Zikizidi 5, achunguzwe zaidi. Ongeza mizani na maswali machache, na kazi imeanza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye dalili 1 au 2 ndiye ufa. Tukingoja zifike 4, tutakuwa tunajenga ukuta kwa gharama ya hospitali.

Tangu mwaka 2021 wazee wana wabunge 5 wanaowawakilisha, na Umoja wa Mataifa umeutangaza mwongo wa 2021 hadi 2030 kuwa wa kuzeeka kwa afya. Majukwaa yapo. Ninachowaomba wanafunzi wenzangu na wahadhiri ni kidogo zaidi na kinaanzia kinywani. Mtu akikuambia mzee wake amekonda na hainuki vizuri, usimjibu "ni uzee." Muulize: amepungua kilo ngapi? Alianza lini? Amepimwa?