Muhula huu watoto watunge nyimbo zao

Wazazi wenzangu, na ninyi watoto wetu,

Kila mwisho wa muhula watoto huimba nyimbo zile zile tulizoimba sisi tukiwa shule ya msingi. Wanaimba vizuri, tunapiga picha, tunakula pilau. Lakini mtoto aliyezaliwa Johannesburg anaondoka akiamini kwamba Kiswahili ni mali ya bibi, na cha leo ni Kiingereza na Kizulu.

Mtazameni mtunzi Neo Muyanga. Alizaliwa Soweto mwaka 1974, akaenda Trieste, Italia, kujifunza uimbaji wa kale wa Kitaliano. Alichojifunza hakukiweka kabatini: ametunga opera, mojawapo ni The Flower of Shembe ya mwaka 2012. Kabla ya hapo aliimba na Masauko Chipembere katika kundi la wawili, BLK Sonshine. Watoto, huyo Masauko ni mwenzenu: baba yake alikuwa mwanasiasa wa Malawi aliyekimbilia uhamishoni, naye akakulia Marekani.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba Muyanga huwatafutia na wengine nafasi. Mwaka 2008, yeye na Ntone Edjabe wa Kameruni walianzisha Pan African Space Station, redio ya intaneti na tamasha, ili muziki mpya wa Waafrika upate pa kusikika. Hapa Johannesburg pia amewaandalia wenzake jukwaa, katika The Centre for the Less Good Idea, kituo alichoanzisha msanii William Kentridge mwaka 2016. Jina hilo limetokana na methali ya Kitswana: daktari mzuri akishindwa kukuponya, mtafute asiye mzuri sana. (Mimi ni muuguzi, wodini siithubutu!) Darasani kwetu inafaa.

Baadhi yenu mmeniambia watoto watakosea ngeli. Watakosea, ndiyo, nasi tutasahihisha. Lakini mtoto anayetunga wimbo kuhusu umeme kukatika, au kuhusu kuogopa kuongea Kiswahili ndani ya teksi asije akaitwa mgeni, atahitaji maneno, na atawauliza ninyi nyumbani. Nyimbo za zamani hazimdai hilo.

Naomba nusu ya tamasha letu iwe nyimbo walizotunga wenyewe. Jumamosi ijayo waje na madaftari. Mwenye gitaa lililokatika nyuzi alilete pia.