Kompyuta Isitupasulie Ng'ombe

Siku hizi vijana wengi wanajifunza kuandika programu, na mara nyingi huanza na Python, lugha ya kompyuta iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1991. Ni jambo la kutia moyo. Hata hivyo, liko kosa moja ambalo sisi wapenzi wa Kiswahili hatufai kulifumbia macho.

Python ina amri iitwayo split. Ukiipa sentensi, huikata penye nafasi na kukurudishia orodha ya maneno. Hebu chukua methali hii: "Ng'ombe wa maskini hazai." Utapata orodha ya maneno manne. Kufikia hapo hakuna ubaya, ila neno la mwisho limebaki na nukta yake. Kwa kompyuta, hazai yenye nukta na hazai isiyo na nukta ni maneno mawili tofauti!

Ili kuziondoa alama kama hizo, wengi hukimbilia njia ya mkato. Huiagiza kompyuta ishike herufi na tarakimu tu, na kila alama nyingine iwe mpaka. Lo! Hapo ndipo ng'ombe anapochinjwa. Orodha inakuwa na vipande vitano: ng, ombe, wa, maskini, hazai. Naye king'ang'anizi hupasuka mara tatu: king, ang, anizi. Jamani, hayo ni maneno ya wapi?

Wapo watakaosema, "Si mfute tu hiyo ritifaa?" La hasha! Kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, lakini ngoa ni wivu. Ukifuta ritifaa, umeleta neno lingine kabisa.

Mtaniuliza, kwani hasara iko wapi? Iko. Programu ya aina hiyo ikitumiwa kuhesabu maneno ya insha, mwanafunzi aliyesimulia habari za ng'ombe wa babu yake ataambiwa amepita kiwango, ilhali hajapita. Ikitumiwa kusahihisha tahajia, neno lake sahihi litaonyeshwa kuwa kosa. Mwishowe ataanza kuyakwepa maneno hayo, na insha zetu zitakosa ladha.

Kosa si la Python. Kompyuta hutii inavyoagizwa. Dawa yenyewe ni rahisi: ritifaa iliyo kati ya herufi mbili ihesabiwe kuwa sehemu ya neno. Ni alama moja tu ya kuongeza katika agizo. Lakini ni nani atakayelikumbuka hilo, ila yule anayekijua Kiswahili?

Kwa hivyo naonelea kwamba wanachama wa chama chetu na wale wa kompyuta waketi meza moja. Programu yoyote ya Kiswahili, kabla ya kutumiwa hapa shuleni, ijaribiwe kwanza kwa ng'ambo, ng'ara na ng'ang'ania. Ikiyakata, irudishwe kwa mwandishi wake. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Tusiwaachie wasiokijua Kiswahili kutuamulia neno letu linaanzia wapi na kuishia wapi.

Kiswahili kitukuzwe!