Mwandishi wa kitabu hiki alilima wapi?

UANI, na Zuhura Shekigenda

Ulizia kitabu cha bustani kwenye duka la vitabu mjini, utapewa kitu kizito, karatasi inang'aa, picha za kutia tamaa, na ushauri wa kupanda maharage baridi kali ikishapita. Muuzaji hana kosa, ndicho kilichopo. Mnunuzi anarudi nacho Mbagala, anasoma kwamba nyanya hupenda ukuta unaotazama kusini, naye anaanza kuutafuta. Kitabu kiliandikiwa Uingereza, ambako jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini mwaka mzima, hivyo ukuta huo hupata joto. Dar es Salaam jua la adhuhuri huwa kaskazini mwezi Juni, Desemba limehamia kusini. Na hata hivyo, nani Mbagala anahitaji ukuta wa kumwongezea joto?

Kitunguu ndicho kinachowaumbua wengi. Zipo aina ambazo haziweki kichwa mpaka mchana urefuke kufikia saa 14 hivi. London mwezi Juni mchana unapita saa 16, kwa hiyo kule hunenepa bila taabu. Kwetu mchana hauendi mbali na saa 12, iwe Januari au Julai. Ukizipanda hapa utaweka samadi, utamwagilia, utapalilia, kisha utavuna majani. Baada ya hapo utaulaumu udongo, au jicho la jirani. Red Bombay, na mbegu wanazolima wenzetu wa Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, huweka kichwa kwenye mchana mfupi. Kitabu kisichogusa jambo hilo hakikuandikwa kwa ajili yako.

Wajanja wanasema basi tufuate video za nchi za joto: Florida, Kerala, Ufilipino. Ni nafuu, ila si kubwa. Hapa hapa nyumbani Tanga ina vuli na masika, Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua. Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya bahari, watu wanavuna plamu, ambazo pale Mombo chini ya mlima hutazipata hata kwa maombi. Kilomita 30 na ushei za kona, na kalenda ya bustani imeshabadilika.

Ndiyo maana nakiuliza kitabu chochote: aliyekuandika alilima wapi, kwenye mwinuko gani, na alisia mbegu mwezi gani? Mwandishi asiyejibu hayo nampita, hata awe na shahada tatu.

Waliojibu wapo. Mwaka 1949 R. O. Williams alitoa kitabu kizima juu ya mimea ya Unguja na Pemba, ya chakula na ya mapambo. Mbuya na wenzake, mwaka 1994, waliandika juu ya miti na vichaka vya Tanzania wakaweka na majina ya lugha zetu za asili. Ukimsomea bibi yako ataafiki au atakusahihisha, na huo ni mtihani ambao vitabu vya karatasi ya kung'aa haviwezi hata kuukalia. Juzuu ya mboga ya PROTA, mradi wa mimea ya Afrika, ya mwaka 2004, imeuheshimu mnavu kama wengine wanavyoheshimu kabichi. Ila vyote hivyo ni vya lugha za kigeni, na kuvikuta dukani ni bahati. Kwa Kiswahili angalau tuna jarida la Mkulima Mbunifu, linaloandikia udongo wa huku.

Kitabu cha zamani nacho kina mipaka. Williams hamjui Kantangaze, nondo aliyetoka Amerika Kusini na kuanza kutafuna nyanya zetu mwaka 2014 hivi. Na vitabu vingi vya enzi zile viliipenda DDT kupita kiasi. Kwa wadudu na dawa, mwone afisa ugani wa kata au waulize watafiti wa kilimo wa TARI Tengeru. Kwa udongo na majira kikongwe bado anafaa, ingawa masika yenyewe siku hizi haina adabu.

Jirani yako anayeotesha nyanya wakati wa kipupwe, nayo Januari haigusi, mhesabu kuwa rejea pia. Hajasoma popote kwamba usiku wa joto kali huharibu chavua. Ameona maua yakipukutika, akahamisha msimu.

Wauza mbegu ndio nina neno nao. Zipo pakiti zinazoagiza kupanda kuanzia Machi hadi Mei, maelekezo ya huko zilikotoka. Machi hadi Mei Dar ni masika: mbegu utaisia uani kwako, itaotea bonde la Msimbazi. Wizara iwalazimishe waandike mistari miwili ya Kiswahili, mwinuko unaofaa na mwezi wa kusia, wa Pwani peke yake na wa nyanda za juu peke yake. Nafasi kwenye pakiti ipo. Wapunguze tu ile picha ya nyanya.