Darasa la Nyumbani: Mchanga, makala ao kitambaa?



Kikundi kimoja cha akiba kimetuletea swali ambalo naona linawahusu wengi. Fundi alipita kwao na filtre ya ndoo mbili. Ndani yake kuna makala na changarawe tu. Alimimina maji ya matope, yakatoka meupe, kisha akasema: "Makala haya yanaua mikrobe zote, hata mtoto anaweza kunywa sasa hivi." Wamama wanauliza: tutoe pesa ya kasha letu, ndiyo ao hapana?

Jibu langu ni hili: msitoe kwanza. Filtre ile inaweza kuwa na faida, lakini ahadi ya fundi si ya kweli. Maji meupe ni jambo moja, maji yasiyo na ugonjwa ni jambo lingine. Sisi wa kando ya Ziwa Kivu tunalijua hilo. Mwaka 1994, wakimbizi walipojaa Goma, kolera iliua watu maelfu kwa maelfu katika majuma machache, na wengi wao walikuwa wanachota ziwani, maji ambayo kwa macho yalionekana mazuri. Mikrobe haionekani kwa macho.

Kwa hiyo, kabla ya kununua filtre ao kujitengenezea, inafaa tujue kila kitu kinachowekwa ndani kinafanya kazi gani na kinashindwa wapi.

Kitambaa. Hiki ndicho cha kwanza na cha bei ndogo. Chukua kitenge cha pamba kilichozeeka, kifue vizuri, kikunje mara nne ao zaidi, kifunge kwenye mdomo wa ndoo, kisha mimina maji polepole. Kitambaa cha zamani ni bora kuliko kipya, sababu nyuzi zake zimelegea na matundu yamekuwa madogo. Kule Bangladesh, mwanasayansi wa Marekani Rita Colwell na wenzake walifundisha wamama wa vijijini kuchuja maji kwa sari za zamani zilizokunjwa hivyo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003: kolera ilipungua karibu nusu. Sababu ni kwamba mikrobe ya kolera hupenda kushikamana na vidudu vidogo sana vinavyoelea majini, na kitambaa kinanasa vidudu hivyo. Lakini angalieni: karibu nusu, si yote. Na kitambaa kifuliwe na kuanikwa juani kila mara, kama sivyo kinakuwa kiota cha uchafu.

Changarawe, ile mafundi wanaita graviye. Kazi yake ni kubeba mchanga ili usishuke na kuziba robine. Haisafishi maji. Ukiona filtre iliyojaa changarawe tele na mchanga kidogo, ujue umenunua mawe. Changarawe ioshwe mpaka maji yanayotoka yawe meupe kabisa.

Mchanga. Huyu ndiye mfanyakazi mkubwa. Punje zake ziwe chini ya milimita moja: ndogo kama sukari, lakini si laini kama unga. Zikiwa kubwa, maji yanapita mbio na uchafu wake. Zikiwa unga, filtre inaziba. Mchanga unaotoka kwenye mawe yaliyopondwa karieri ni bora. Ule wa mtoni ao wa ufukweni, mahali watu wanaoga na wanyama wanakunywa, unaweza kuwa umebeba uchafu tayari.

Chekecha mchanga, uoshe, kisha fanya jaribio hili. Tia mchanga kidogo ndani ya chupa nyeupe yenye maji, izungushe, iweke chini na uhesabu mpaka nne. Ukiweza kuona uso wa mchanga kupitia maji, hata kama maji yana ukungu kidogo, inatosha. Ukiwa huuoni kabisa, osha tena. Usiuoshe kupita kiasi mpaka punje ndogo zote ziondoke, maana hizo ndizo zinazoziba njia ya uchafu.

Mchanga una siri nyingine. Ukiwa mwingi, karibu nusu metre kwenda chini, na ukibaki chini ya maji wakati wote, juu yake kunaota utando mwembamba wa vidudu vyema vinavyokula mikrobe mbaya. Anayefuga samaki ndani ya sanduku la kioo anajua jambo hilohilo: vidudu vinavyoishi ndani ya filtre ndivyo vinavyosafisha uchafu wa samaki, na akiiosha filtre kwa sabuni ao javeli, anaviua. Kwetu sisi, utando huo unahitaji karibu mwezi mmoja ili ukomae. Unataka maji kila siku, na kina cha sentimita 5 hivi juu ya mchanga hata robine ikiacha kutiririka. Maji yakianza kutoka polepole sana, koroga taratibu sehemu ya juu tu kwa mkono safi, toa maji machafu, basi. Usimwage mchanga wote.

Nguvu ya mchanga ilionekana wazi Ujerumani mwaka 1892. Miji miwili iliyopakana, Hamburg na Altona, ilikunywa maji ya mto mmoja, Elbe. Altona ilikuwa chini ya mto, ikipokea hata uchafu wa Hamburg, lakini ilipitisha maji yake polepole kwenye mchanga. Hamburg haikuchuja. Kolera ilipoingia, Hamburg ilizika watu zaidi ya 8,000, na Altona iliponea kwa sehemu kubwa.

Makala. Makala yanavuta harufu, rangi na ladha mbaya. Ni kazi nzuri, lakini si kuua mikrobe. Tena makala yetu ya kupikia hayana nguvu ya yale yanayotengenezwa kiwandani kwa ajili ya kuchuja maji. Yanajaa upesi, na yakishajaa hayavuti tena. Mikrobe wanaweza hata kufanya makao ndani yake. Ukitaka kuyatumia, yaponde, osha majivu yote, yabadilishe mara kwa mara. Briketi zisitumike, maana zimechanganywa na udongo ao vitu vingine. Kama pesa ni ya kitu kimoja tu, nunua mchanga mzuri, makala yangoje.

Sasa turudi kwa swali la pesa. Ndoo fupi yenye mchanga wa sentimita chache itawapa maji meupe, basi. Hata filtre ndefu ya mchanga, iliyotengenezwa vizuri, haimalizi kazi. Baada ya kuchuja, maji yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja, ao yatiwe dawa ya klori kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha ungoje dakika 30. Nguvu ya javeli ya sokoni haifanani, kwa hiyo muulize reko wa kartie yako ao muuguzi wa kituo cha afya kabla ya kupima matone. Dawa itiwe kwenye maji yaliyokwisha kutoka kwenye filtre, si juu ya mchanga.

Mtu atauliza: kama ni lazima kuchemsha ao kutia dawa, filtre ya nini? Ni kwa sababu dawa inachoka kwenye maji machafu. Klori inapigana kwanza na matope na majani, mikrobe wanabaki. Ukichuja kwanza, dawa ileile inatosha kufanya kazi yake.

Fundi akirudi, kikundi kimuulize maswali haya matatu:
1. Mchanga una kina gani, na ulitoka wapi?
2. Robine ikiacha kutiririka, maji yanabaki juu ya mchanga?
3. Nani atatufundisha kuisafisha, na atarudi lini kuitazama?

Akijibu vizuri na kuacha neno lake la kuua mikrobe zote, mnaweza kuzungumza bei. Akikasirika, mwacheni aende na ndoo zake.

Kazi ya juma hili: kila mama afanye jaribio la chupa kwa mchanga wa mahali pake, na alete chupa kwenye mkutano tulinganishe. Na maji yaliyokwisha kusafishwa yawekwe ndani ya bidoni yenye mdomo mdogo na kifuniko. Mkono wa mtoto mmoja ndani ya ndoo unaweza kuharibu kazi yote ya asubuhi.

Tuonane juma lijalo.